Ombi la Kuahirisha Njaa

Kwa Afisa Ustawi wa Jamii,
Wilaya yoyote, Tanzania.

YAH: MATUNZO YA MTOTO KWA KADIRI YA UWEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote tunawapongeza kwa kazi ya usuluhishi. Mama anaketi na mtoto mgongoni, baba anaulizwa ataweza kiasi gani, anataja elfu thelathini, kalamu inaandika elfu thelathini, na shauri limekwisha. Bodaboda zake barabarani hazikuulizwa, wala vyumba anavyopangisha. Anayedaiwa risiti za uji ni mama.

Sheria ya Mtoto ya 2009 mnayo kabatini. Kifungu cha 44 kinataka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo uwezo hupimwa, hautajwi tu, tena hupimwa sambamba na bei ya unga. Sheria ya zamani, iliyofutwa na hii, ilimwekea mtoto wa nje ya ndoa ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Ile angalau iliandika dharau yake wazi, kila mtu akaisoma.

Ikiwa kauli ya baba itabaki kuwa ndiyo kipimo, basi tunaomba ofisi itoe Fomu ya Kuahirisha Njaa. Mtoto aijaze nakala tatu, abandike picha ya pasipoti, apitie kwa mtendaji wa mtaa kugongewa muhuri, athibitishe kuwa pesa ikikwama hatasikia njaa hadi mambo ya baba yakae sawa. Kiambatisho cha kwanza kihusu miguu, isizidi viatu vya mwaka jana. Cha pili kihusu malaria, isipande usiku kabla baba hajapokea simu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Wa miezi minne atawakilishwa na kilio chake, kitakachosajiliwa masijala na kupewa namba ya jalada. Tunaomba pia malimbikizo ya matunzo yaitwe sadaka, na benchi la nje, mama anaposubiri, liwekewe mto.

Mtasema wapo kina baba wasio na kitu. Wapo, na kifungu hichohicho kinamzingatia aliyepungukiwa nguvu ya kuchuma. Kibarua wa kweli atalindwa na kipimo. Anayekikimbia ni mwenye maduka. Mtasema pesa hizo mama atazimalizia saluni. Ada hulipwa shuleni, na muamala wa simu huacha kumbukumbu. Mtasema baba amenyimwa kumwona mwanawe. Haki hiyo aidai mahakamani, lakini mtoto hashibi kwa kuonwa. Semeni tu kwamba mnamwonea haya mwanamume mwenye gari kuliko mnavyomwonea huruma mtoto, na kwamba "nendeni mkaelewane nyumbani" ni namna yenu ya kumfukuza mama bila kupandisha sauti.

Mtuwie radhi kwa ukali huo, waheshimiwa. Tunachoomba ni kidogo: kila baba aje na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, hati ya mshahara kama ameajiriwa, na leseni ya biashara kama anayo. Asiyeweza kuthibitisha alichotaja, shauri lake lipelekwe mahakamani siku hiyohiyo, wala mama asiambiwe arudi Jumatatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Walezi