Bwana wa Safari: Mwongozo kwa Mwanamke Anayetoka Lubumbashi Peke Yake

Mwanamke akipanda gari peke yake hapa Lubumbashi, kuna swali halimkosi: "Mama, bwana yako iko wapi?" Shofere atauliza, mpokea wageni hotelini atauliza, na hata abiria ambaye hajalipa nauli yake mwenyewe atauliza. Kama huna jibu, fuata hatua hizi.

1. Chagua bwana kulingana na njia. Kwenda Kipushi ni karibu, mwalimu anatosha. Likasi, kilomita kama 120, mpandishe awe injinia. Kolwezi, usithubutu kusema ni mchimbaji, utaulizwa bei ya kobalti mpaka ufike. Na ukielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asiwe na cheo chini ya koloneli. Njia ile ina malori mengi, na maswali yanayashinda malori.

2. Mpigie simu. Hata betri ikiwa imekufa, weka simu sikioni useme kwa sauti: "Ndiyo, Koloneli, niko Posta. Askari wawili wanatosha, usitume wote."

3. Vaa pete. Ya Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, inafaa. Itakuachia doa la kijani kidoleni, lakini heshima itakayokuletea haitolewi kwa diploma ya chuo kikuu.

4. Angalia mlango. Nchi yetu huendesha upande wa kulia, lakini taksi-basi nyingi za hapa zina usukani kulia, basi mlango wa abiria hufungukia katikati ya barabara. Hapo koloneli hakusaidii. Tazama nyuma kabla ya kushuka.

5. Usitaje sheria. Ni kweli, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mikataba, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikaiondoa idhini hiyo. Ni kweli pia kwamba tangu Julai 2006 usumbufu wa kingono ni kosa la jinai. Lakini ukimsomea shofere hayo yote, atakachoelewa ni kimoja tu: kumbe hujaolewa.

6. Utani kando. Patana nauli kabla ya kukaa. Usiingie taksi yenye wanaume watupu usiowajua, hata kama shofere anakuita "mama" kwa upole. Tuma namba ya gari kwa dada yako, naye ajue saa ya kukungoja. Gawa pesa: ya njiani mkononi, ya biashara kwenye fundo la kitenge. Ondoka mapema, ufike jua lingalipo.

Tatizo la mwongozo huu ni kwamba kazi yote ameachiwa mwanamke: atunge bwana, ampandishe cheo, ampigie simu, na bado alipe nauli kamili. Sheria ya 1987 yenyewe, pamoja na ugumu wake, haikumpa shofere kazi ya kukagua ndoa za abiria.

Kwa hiyo neno la mwisho ni lako, baba uliyekaa kiti cha nyuma ukijifanya umelala. Ukisikia mama wa watu anaulizwa bwana wake mara ya pili, usingoje ya tatu. Mwambie shofere aangalie barabara.