Mbuzi Kumi na Saba

Mdogo wangu anaoa huko Ulaya. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi kaka mkubwa ndiye wa kusimama mbele ya wakwe na kujifanya nina busara. Nikamjibu kwenye simu, "Nakuja, usihofu," kwa wepesi wa mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote maishani ni Dodoma hadi Singida.

Pasipoti haikunitoa jasho. Ni ile ya kielektroniki iliyoanza mwaka 2018: shilingi 150,000, unakaa nayo miaka 10. Kijana wa stesheneri alinijazia fomu mtandaoni, nikafukua vyeti vya kuzaliwa, changu na cha mzazi, na makao makuu ya Uhamiaji yako hapa hapa mjini kwetu. Siku tatu nzima nilizunguka nayo sokoni Majengo kama mtu aliyeshinda ubunge.

Kumbe bado. Pasipoti ni nchi yako kukushika mkono na kusema, huyu ni wetu. Viza ni mwenye nyumba kuitikia hodi. Na wenye nyumba hawa hodi ya Dodoma hawaisikii. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973, na tangu 2016 serikali imekuja kweli: mawaziri wamekuja, makatibu wakuu wamekuja, bei za viwanja ndiyo usiseme. Balozi nyingi bado zinapunga upepo wa bahari Dar es Salaam. Basi mimi mkazi wa makao makuu nafunga safari kwenda kubisha hodi kwenye mji uliohamwa! Afadhali siku hizi kuna treni ya umeme, nauli 31,000, na saa nne hazifiki.

Dirishani nilimkuta binti mpole mwenye maswali yasiyo na upole. Barua ya mwaliko? Ipo. Taarifa ya benki? Ipo, ingawa inatia huruma. Bima ya matibabu ya euro 30,000? Nilishtuka. Sijawahi kuwa na thamani hiyo hata nikiwa mzima.

"Sasa baba, una kitu gani cha kukurudisha Tanzania?"

"Nina mke, watoto wanne, kazi ya ualimu, ekari mbili za zabibu Mpunguzi na mbuzi kumi na saba."

"Mbuzi wana hati?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kumweleza kwamba kwetu Ugogoni mtu hawezi kutoroka akaacha mbuzi, watu watamfikiria amerogwa. Hakuandika hata neno.

Jamaa wa foleni alinifundisha kwamba hiyo Schengen ya kwenye jina la viza yao, wanayoitaja kila dakika, ni kijiji cha Luxembourg. Mwaka 1985 wakubwa walikutana huko, wakasaini mkataba kwenye boti mtoni, wakafunguliana mipaka yao. Nawapongeza. Ila kijiji cha watu, tena si hata chenyewe, ni boti, ndicho kinaamua kama mimi wa Nkuhungu nitaonja keki ya mdogo wangu! Tena ukishapewa viza, afisa wa mpakani bado anaweza kukugeuza.

Kinachoniuma zaidi ni ada. Euro 90, na ukinyimwa hairudi. Mnadani Msalato ukishindwana bei na mwenye mbuzi, unaondoka na hela yako, pengine na kipande cha nyama ulichoonjeshwa. Huku unalipia hodi, mlango ufunguliwe usifunguliwe.

Siku ya kuchukua majibu nilikabidhiwa bahasha. Dada yangu wa Mbagala akanibembeleza nilale kwake, amepika pweza. Nikamwambia haiwezekani, kesho nina kipindi cha kwanza, na yule beberu mweupe hatulii nisipokuwepo. Nikawahi treni ya jioni.

Tulipopita Kilosa giza limeshashika, nikaifungua tena ile barua. Wana mashaka, wanasema, kama nina nia ya kuondoka kwao muda wangu ukiisha.

Saa tano usiku nilikuwa zizini na tochi, viatu vya safari bado mguuni, nahesabu. Kumi na saba.