Kinu Marufuku Hadi Kesho

Seva ya Baba Salma inakaa koridoni, juu ya stuli, kati ya mtungi wa gesi wa akiba na ndoo ya unga. Zamani ilikuwa kompyuta ya ofisi. Ofisi ilipofungwa, mume wangu akainunua kwa bei ya kutupa, akaitia diski nne za terabaiti 4 kila moja, akaifunika kitambaa ambacho mama yangu alikifuma kwa ajili ya televisheni. Kitambaa nilikiondoa mimi. Mashine inataka hewa, na Dar es Salaam mwezi wa Februari hata watu hawaipati.

Kabla hujacheka, sikia kilichomo. Mna video za harusi ya mdogo wangu, kuanzia singo hadi mbebeo. Mna picha za Salma tangu arobaini yake. Mna karatasi za kiwanja, zilizopigwa picha kwa sababu panya wa nyumba hii hawajui thamani ya ardhi. Na mna sauti ya marehemu baba, iliyohamishwa kutoka kwenye kaseti kabla utepe haujaliwa na ukungu. Anasimulia safari ya jahazi kutoka Pangani kwenda Unguja, na katikati anakohoa. Mama huisikiliza kila usiku wa Ijumaa akishaswali Isha. Kikohozi anakijua kinapotokea, na kikifika hukiitikia, "Pole."

Basi usiku mmoja wa Ijumaa baba akakwama kabla ya kukohoa. Jahazi lilikuwa linakaribia Mkokotoni, neno likakatika nusu, kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo cha televisheni. Kutoka koridoni kukasikika kitu kinagonga: tak, kimya, tak, kimya.

"Mwambie mumeo," mama akasema, "baba yako kanyamaza."

Mumeo mwenyewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Lakini jambo likishakuwa na chembe ya lawama, mama na mkwewe hawasemezani ana kwa ana, heshima hairuhusu. Maneno yanapita kwangu. Napeleka, narudisha, na wote wawili wanasikiana vizuri sana.

"Mwambie mama," Baba Salma akajibu, "nalishughulikia."

Diski za siku hizi zinajipima afya zenyewe na kuandika matokeo kwa namba. Namba 5 ni hesabu ya sehemu zilizoharibika na data yake kuhamishiwa penye uzima. Namba 197 ni sehemu zinazotiliwa shaka, zilizogoma kusomeka. Namba 199 ni makosa yanayotokea njiani, baina ya diski na bodi, na hiyo ikipanda mara nyingi diski haina neno, mbovu ni waya. Baba Salma akaona 199 imepanda kwenye diski mojawapo. Nilimwona uso umechanua. Waya ni bei ya soda.

Na kwa kuwa dada wa kazi, Neema, ndiye aliyeisogeza stuli alipopiga deki, kesi ikawa yake. Waya ukabadilishwa. Namba 199 huwa hairudi nyuma, lakini iliacha kupanda, na Baba Salma akatangaza ushindi. Tak, ikasema koridoni. Alipoangalia upya, namba 197 ilikuwa inaongezeka kila alipofungua ukurasa, na mfumo ulikuwa umeshaitoa diski ile katika kundi. Neema akataka asafishwe jina kwa sauti ileile aliyolaumiwa nayo. Akasafishwa, mbele ya watu wote.

Sasa ngoja nieleze namna diski nne zinavyoweza kupoteza mwenzao bila kupoteza data, maana wanawake wa mtaani kwetu watalielewa hili upesi kuliko mafundi. Chukua mchezo wa kupeana wa kina mama watatu, na kijumbe anaandika jumla. Karatasi ya mmoja ikiliwa na panya, unachukua jumla, unatoa za wale wawili, unajua huyo wa tatu alileta ngapi. Diski zinafanya hivyohivyo: tatu zinabeba mali, ya nne inabeba hesabu, na zamu ya kubeba hesabu inazunguka ili asielemewe mmoja. Fikra hiyo iliandikwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walidai kwamba kundi la diski ndogo za bei nafuu linaweza kuishinda diski moja kubwa ya gharama. Mume wangu aliipokea hoja hiyo kwa moyo wote, hasa upande wa nafuu.

Ila karatasi zikipotea mbili, hakuna hesabu tena.

Kwenye kioo, diski mbovu iliitwa kwa herufi c. Baba Salma akazima mashine, akafungua ubavu, akahesabu kutoka juu: a, b, c. Akaichomoa ya tatu, akawasha. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika kwamba imeona diski mbili nzima kati ya nne na kwa hiyo haifungui chochote. Nilimwona mume wangu anashuka polepole hadi akakaa sakafuni, mgongo kwenye ndoo ya unga.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Usimwambie mama."

"Nasikia," mama akasema kutoka sebuleni, safari hii bila mjumbe.

Kumbe mashine inazigawia diski herufi kadiri inavyozikuta inapoamka. Mpangilio wa vyumba vyake hauihusu. Ukihamisha waya, herufi nazo zinaweza kuhama, na waya alikuwa ameugusa mwenyewe. Kitu kisichobadilika ni namba ndefu iliyochapwa kwenye lebo ya kila diski. Akairudisha ile aliyoichomoa, kisha akalala kifudifudi na simu mdomoni inamulika, ananisomea kwa meno yaliyofungwa, nami naandika nyuma ya risiti ya Luku. Mgonjwa alikuwa wa chini kabisa. Nikazibandika zote plasta ya kidonda na kuandika tarakimu nne za mwisho kwa kalamu ya wino mzito. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi ya kwanza ya maana iliyofanyika kwenye seva ile tangu inunuliwe.

Mgonjwa akatolewa. Mashine ikaamka na tatu, ikapiga hesabu zake, na jahazi likafika Mkokotoni. Baba akakohoa. "Pole," mama akasema, nami nikachomeka flashi palepale, nikanakili ile sauti kabla mtu hajagusa kitu kingine. Baba Salma alianza kunieleza kwamba data sasa iko salama kwa sababu ya ile hesabu. Nikamwambia hesabu inakulinda diski ikifa. Haikulindi mtoto akifuta, mwizi akibeba stuli na vyote vilivyo juu yake, wala wewe ukichomoa ya tatu kutoka juu. Flashi akaichukua mama, akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Tulidhani mgonjwa amekwisha kutoka hadithini. Lakini nyumbani kwetu anakaa Shafii, mtoto wa dada yangu, yuko chuo na hakosi jibu. Alikuwa amesikia kwamba diski iliyokufa ukiigandisha usiku mmoja inafufuka. Akaifunga kwa kitambaa cheupe ili isipate barafu, akaitia kwenye mfuko mweusi, akaizika ndani ya friza, chini ya vibua na changu wa wageni wa Jumamosi. Hakumwambia mtu.

Asubuhi mama akaenda kutoa samaki. Niliposikia Ayatul Kursi inasomwa jikoni kwa sauti ya juu nilitoka mbio bila viatu. Friza liko wazi, mama amesimama mbali nalo, kidole kinaelekeza: kifurushi cheupe kimefungwa kwa uzi, kizito, cha ukubwa wa kitabu, kinafuka baridi.

"Ndani ya nyumba hii," akasema taratibu, "nani anatafuta roho yangu?"

Shafii akaja na mswaki mdomoni, akaeleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyoharibika, kwa sababu alitumia neno "kufufua."

Ushauri ule una asili yake. Kwenye diski za zamani za aina fulani mhimili ulikuwa unakwama, na baridi ikisinyaza chuma kidogo, mara nyingine ulikwamuka kwa muda wa kutosha kuokoa faili mbili tatu. Lakini kichwa cha diski ya leo kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski ya kawaida pia ina tundu dogo la kupumulia. Itoe kwenye friza uiweke katika hewa ya Dar es Salaam, na unyevu unageuka matone ndani na nje. Baada ya hapo ukiiwasha unamalizia maiti. Hayo yote Baba Salma aliyasema, kupitia kwangu. Mama akajibu, kupitia kwangu, kwamba samaki waliolala na kile kitu yeye hawali. Wakaenda kwa jirani, ambaye hakuambiwa.

Kariakoo tulikwenda mimi na mume wangu. Nilimfuata kwa sababu yeye akionyeshwa kitu chenye taa hasahau tu bei, anasahau na nauli. Duka la kwanza tukaletewa diski ndani ya boksi, na nailoni yake. Mpya, akasema muuzaji. Baba Salma akaichomeka kwenye laptopu palepale kaunta na kusoma namba ya saa ilizofanya kazi: 31,000 na ushee. Mwaka mzima una saa 8,760.

"Kaka," nikamwambia, "hii mpya yako imefanya kazi miaka mitatu na nusu bila likizo."

Hakushtuka hata kidogo. Akasema ni mpya kwa hapa nchini.

Duka lingine tukapata yenye sifuri, na bei yake ilinyamazisha kila mtu hadi kituo cha daladala.

Kujenga upya ndiko kwenye kutisha. Diski mpya inajazwa kwa kuzisoma zile tatu zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, terabaiti 12 kwa jumla, na wakati huo huna mchezaji wa akiba. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huahidi kosa lisilosomeka lisizidi moja kwa kila biti trilioni 100, yaani kama terabaiti 12.5. Niligawanya mwenyewe kwenye simu, nikajuta. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, Baba Salma akaniambia, lakini aliniambia huku anatazama pembeni.

Akawasha Magharibi. Kioo kikasema itachukua saa kumi hivi. Ndipo akatoa amri ambayo bado inazungumzwa: hakuna kutwanga hadi kesho. Mtikisiko, akasema, unakiyumbisha kichwa. Na hakuwa anabuni. Mwaka 2008 mhandisi wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alirekodiwa akizipigia kelele diski kwa mdomo wake, na grafu ikaonyesha papo hapo zinavyochelewa kujibu. Tulimwonyesha mama ile video. Alimtazama mzungu anayebwatukia makabati, akaitazama hadi mwisho.

"Mwambie mumeo," akasema, "kisamvu hakitwangwi kwa kukonyezwa."

Kinu kikahamia uani, kwenye mchanga, na Neema akatwanga kwa raha ya mtu aliyesafishwa jina. Saa nane usiku mita ya Luku ikaanza kulia. Betri ya UPS ilikwishajifia kitambo, siku hizi ile UPS inashikilia mlango. Baba Salma akanunua umeme kwa simu, akaingiza zile tarakimu ishirini gizani, akakosea, akaingiza tena, na mama chumbani kwake akiomba dua kwa sauti ya kusikika na kila anayehusika.

Alfajiri kazi ikaisha. Nne kati ya nne.

Ndipo mume wangu akapekua na kukuta kitu kilichonikera kuliko yote. Seva ilikuwa imetoa taarifa. Wiki kadhaa kabla ya ule usiku wa Ijumaa ilikuwa inaandika barua, moja baada ya nyingine, kwamba diski ya chini inaumwa. Haikuwa imepewa anwani ya mtu yeyote, kwa hiyo barua zote ilijipelekea yenyewe, kwenye sanduku la barua lililomo tumboni mwake.

Nikasema ziende mahali ambapo mtu hawezi kujifanya hajaona. Shafii, aliyekuwa anatafuta msamaha, akafanya alivyojua, na sasa kila Jumapili seva inaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Seva: diski 4 nzima." Shangazi wanajibu Alhamdulillahi. Mama anatuma sauti, Amin ndefu. Wiki iliyopita baba mdogo wa Muheza, ambaye ameongezwa kwenye kundi juzijuzi, akauliza huyu Seva ni mtoto wa nani, na kama ni mzima hivyo, mbona hajatoa mchango wa harusi.