Namna ya Kuwa "Fine" Shume Bila Kulipa Faini

Mgeni akipanda kutoka Mombo, akaipita Lushoto na kusonga hadi Shume, atakutana na watoto wa shule njiani. Akiwajulia hali kwa Kiingereza, watajibu kwa pamoja kama walivyofundishwa: "Fine, thank you!" Mzee aliyeegemea jembe lake ana haki ya kushangaa: watoto wamepigwa faini, na bado wanashukuru? Ili amani idumu, fuata mwongozo huu.

1. Ujue ukoo wa neno. Babu yake ni "finis" wa Kilatini, yaani mwisho. Alipitia Ufaransa, akafika Uingereza ana sura mbili. Kitu kilichofika ukomo wa ubora kikaitwa "fine". Fedha iliyolipwa ili shauri lifike mwisho, nayo ikaitwa "fine". Mwingereza haoni shida yoyote. Anaweza kuamka fine, akavaa fine na akatozwa fine, yote kabla ya chai ya saa nne.

2. Usidai sura zote mbili. Kiswahili kilimfungulia mlango yule wa mahakamani tu. Uzuri tulikuwa nao tele: safi, barabara, murua, na Wasambaa wana "niwedi" yao.

3. Lima matuta. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, jirani na Shume, kisha ikautandaza Usambara. Mkulima alitakiwa kupiga matuta kwenye miteremko, atake asitake. Aliyekaidi alipigwa faini, na wapo waliofungwa. Watu waligoma mpaka mpango ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo bibi wa huku asipotabasamu unapomwambia yuko "fine", usimlaumu. Mpe shikamoo.

4. Heshimu misindano. Katika Shamba la Miti Shume imejipanga mistari kama wanafunzi asubuhi. Ukiutazama mti, ni fine. Ukiukata bila kibali, ni faini. Mti ni uleule.

5. Soma kuta. "Marufuku kukojoa hapa. Faini 50,000/=." Bei imeandikwa, wa kumlipa hajatajwa. Barabarani mambo yamenyooka zaidi: kosa lina bei yake, na namba ya malipo unapewa papo hapo. Askari akikuuliza hali, jibu "salama". Ukisema "fine", utakuwa umekiri kosa kabla hajalitaja.

6. Funga mbuzi wako. Kesi za kijijini huanza kwa adabu:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi wako kanimalizia karoti."

"Zote, baba?"

"Amebakiza majani."

Hapo usibishane. Mbuzi anayeacha majani na kula karoti ni mbuzi wa ajabu, lakini mbele ya wazee wa baraza shahidi wako ni yeye peke yake, na mdomo umejaa. Vivyo hivyo siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: nenda ukachimbe mtaro na wenzako, maana asiyefika hutafutwa na daftari.

7. Msalimie binamu. Fainali ni damu moja na faini. Wote ni uzao wa yule babu wa mwisho. Vijana wanaposema "fainali uzeeni", bila kujua wanazungumza Kilatini. Hata neno la Kiingereza la mambo ya fedha, "finance", limetoka humo: kumaliza deni.

8. Lipa kwa akili. Kazi ya kwanza ya faini haikuwa kutunisha mfuko wa mtu, bali kumaliza ugomvi. Ukishalipa, chukua risiti, mpe mkono mwenye karoti, muulize habari za nyumbani. Akikukaribisha chai, faini imefanya kazi yake. Ukilipa na bado mkapishana njiani bila salamu, hiyo haikuwa faini. Ilikuwa tozo.