Magurudumu Mguuni, Mzigo Begani

Jumatano
Mpwa wangu anayesoma Kigali amepiga simu. Anasema Jumapili hii, tarehe mosi, barabara kadhaa za mjini zitafungwa kwa magari asubuhi ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Utaratibu huo waliuanza 2016. Nimeamua kwenda, tena na viatu vyangu vya magurudumu, vile vya mtumba nilivyovipata mnadani. Vitaniokolea nauli za pikipiki. Mama watoto ameuliza bima yetu inaishia lini.

Alhamisi
Nimejinoa asubuhi. Lami hapa Tinde ipo, na ni ya kimataifa: kwenye njia panda yetu barabara ya Mwanza inaachana na ile ya Isaka, Kahama na Rwanda. Malori nayo yanalijua hilo. Ukiyapisha, unaangukia changarawe. Gurudumu la sentimita nane haliruki kokoto. Lenyewe husimama, wewe unaendelea.

Mzee mmoja alinisalimu, "Mwangaluka." Usukumani salamu ya mkubwa haiitikiwi mbiombio. Niliitikia nikiwa nimeshampita, nimempa mgongo, mikono hewani. Taarifa ilifika nyumbani kabla yangu.

Ijumaa
Beringi zimejaa mchanga. Kwa fundi baiskeli nilikaa foleni nyuma ya wauza mkaa, ambao baiskeli zao zina kazi. Fundi alivigeuza viatu, akazungusha gurudumu moja kwa kidole, akasikiliza mkwaruzo, akatikisa kichwa. Alinitoza kwa gurudumu, na yako manane. "Baiskeli ina mawili, mzee," alinieleza, kwa upole.

Basi kutoka Dar es Salaam lilichelewa. Nililisubiri hadi wauza mahindi wakafunga. Konda alinyanyua kiroba changu na kuuliza kuna vyuma gani humo. Nikasema viatu. Akasema viatu huvaliwa, haviwekwi kwenye buti. Kisha akaviweka kwenye buti na kunidai nauli ya mzigo.

Jumamosi
Kahama, Ushirombo na Nyakanazi nimezipita nikiwa nimekunja magoti. Aliyekaa mbele yangu alilaza kiti tangu Isaka. Hajambo, nilimsikia akikoroma.

Rusumo tulifika asubuhi. Taratibu za nchi zote mbili hufanyika chini ya paa moja, jambo la maendeleo. Mbele yangu alikuwepo mama aliyeificha hati yake ya kusafiria mahali salama mno, hata yeye hakupakumbuka. Ukivuka Mto Kagera saa hurudi nyuma kwa saa moja. Saa hiyo ya bure niliitumia kumsubiri.

Ng'ambo magari hupita kulia. Mazoezi yangu yote nilifanyia kushoto.

Hatukwenda mbali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda hufanya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Dereva aliegesha. Nikatazama dirishani: lami nyeusi, laini, imefagiwa, haina gari hata moja. Kwa mtu mwenye viatu vya magurudumu, hiyo ndiyo Kanani. Viatu vilikuwa kwenye buti, buti limefungwa, na konda mwenye ufunguo amelala. Saa tano kamili aliamka, na magari yakarudi barabarani.

Stendi ya Nyabugogo iko bondeni. Mji uko juu. Nilipanda na kiroba begani, kisha nikakodi pikipiki. Abiria huko huvalishwa kofia ngumu. Iliyoniangukia ilikuwa ya mtoto.

Jumapili
Siku adhimu. Mpwa alisema niache viatu vya kawaida nyumbani, nitavifanyia nini. Niliviacha.

Kule juu Kimihurura mambo yalikuwa mazuri. Vijana waliteleza kinyumenyume huku wakizungumza na simu. Kisha barabara ikainama. Nchi ile huitwa ya vilima elfu moja, na kila kilima kina upande wa kushukia. Nikashuka kama gunia la pamba lililokatika kamba. Breki ni kipande cha mpira kwenye kisigino cha kulia. Kiliisha katikati.

Nilijifariji kwa historia. John Joseph Merlin, mzaliwa wa Ubelgiji ya leo, anatajwa kuwa mwanzilishi wa viatu hivi. Inasimuliwa kwamba aliingia navyo karamuni London, karne ya 18, huku akipiga fidla, akashindwa kusimama, akavunja kioo cha thamani kubwa. Mimi nilisimamishwa na ua wa michongoma. Fidla sikuwa nayo.

Bondeni wahudumu wa afya walikuwa wakipima watu presha na uzito bure. Nikapanga foleni. Nilipokanyaga mizani, mizani ilibaki, mimi nikaenda. Presha ilikuwa juu. Niliwaambia ni kilima. Waliandika bila kujibu.

Nilitaka maji ya kunywa. Mlinzi wa duka alinionyesha magurudumu, halafu akanionyesha nje. Nikavivua. Akaangalia soksi zangu, akanionyesha nje tena. Nilirudi kwa mpwa na soksi, viatu begani, kilima kizima.

Jumanne
Nimerudi Tinde. Nauli ya mzigo imepanda.

Wanaouliza kama viatu hivi vinafaa safari ya ugenini, jibu langu ni hili. Vinafaa penye lami laini, tambarare, isiyo na magari, ukiwa na wenyeji wa kukushikia kandambili. Penginepo vina kilo zake, na kilo hizo utazibeba wewe: stendi, mpakani na mlimani. Ukilazimika kwenda navyo, chukua mpira wa breki wa akiba na usikubali ushauri wa mpwa. Vyangu vinauzwa. Beringi zina grisi mpya.