Barua ya Wazi kwa Ofisi Yenye Ufunguo

Waheshimiwa wa Ofisi ya Elimu,

Mimi mwalimu wa darasa la tatu huku Lunyo, wilayani Busia, Uganda, nimeona ni wajibu wangu kuwapongezeni hadharani kwa kazi ambayo hata wakutubi mashuhuri hawajaiweza: kwamba tangu katoni nne za vitabu vya hadithi zilipoletwa shuleni petu na kutiwa stoo, haujakunjwa ukurasa hata mmoja, wala hakijatokea kidole cha mtoto, chenye mafuta ya mandazi au shombo ya dagaa wa Majanji, kilichothubutu kuvigusa.

Kila siku malori hupita hapo Busia mjini, ambako, katika kituo kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, maafisa wa Uganda na wa Kenya wameketi chini ya paa moja ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Na vijana wa boda-boda, ambao jina lao lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu, huvusha magunia bila kumwaga punje. Ama katoni zetu, ambazo baina yao na darasa langu pana hatua thelathini tu, mihula miwili imekwisha na kibali cha kuvuka ua hazijakipata. Nasikia ufunguo uko kwenu, ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, na sababu yenu naielewa: kitabu kikipotea hukatwa mshahara wa mwalimu, ilhali kisiposomwa hakatwi mtu.

Nakiri kwamba kwa ujinga wangu nilikwisha kuanza maktaba nyingine humo humo darasani. Nilifunga kamba ya katani ukutani, nikaning'iniza vitabu 26, aghalabu vikuukuu nilivyovinunua kwa fedha yangu, na vingine tuliviandika wenyewe kwa Lusamia na kuvishona kwa uzi wa gunia, maadamu mtaala wa mwaka 2007 umetuagiza tuwafundishe watoto wa madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya nyumbani kwao, jambo jema ambalo lingekuwa jema zaidi lau lugha hiyo ingeletewa vitabu. Vyote tulivivika majalada ya karatasi ya mifuko ya saruji ya Tororo, ambayo haipasuki upesi. Kila juma watoto wawili wakawa wakutubi, na daftari wakaliweka wao: jina, kitabu, siku ya kuazima, siku ya kurudisha. Walikuwa wakali kuliko ninyi, waheshimiwa. Mmoja alininyima mimi mwalimu wake kitabu kwa sababu nilikuwa sijarudisha cha Ijumaa.

Ndipo akaja mkaguzi wenu, akahesabu, akapata 23, na katika kimojawapo ukurasa wa fisi haumo. Nikatakiwa niandike barua ya kujieleza, nami najieleza hapa. Ukurasa wa fisi umekwisha kwa kutazamwa. Kitabu cha kwanza kati ya vile vitatu kilinyeshewa na mvua. Cha pili kiko kwa bibi mmoja, asiyejua kusoma, ambaye mjukuu wake humsomea kila usiku, na bibi hataki kukirudisha kabla hajajua kama sungura alipona. Cha tatu kimevuka mpaka bila hati ya kusafiria, kwenda kwa binamu wa mwanafunzi wangu upande wa Kenya, ambako Lusamia ni ile ile, kwa kuwa wale waliochora mpaka huu hawakuwa na habari kwamba wanapita katikati ya sentensi ya watu.

Kwa makosa hayo kamba yangu imeteremshwa. Nami, kwa kutaka kusaidia, napendekeza kwamba maadamu stoo ndiyo yenye vitabu, basi stoo iandikishwe kufanya mtihani wa darasa la saba, na ikifaulu ipelekwe sekondari, sisi tuliobaki tukalime mihogo.

Mkaguzi aliniachia nakala ya orodha ya vilivyomo stoo, nikaibandika ukutani pale ilipokuwa kamba. Basi orodha hiyo ndiyo kitabu chetu cha sasa. Kila asubuhi wakisubiri uji, watoto huisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini, nambari, jina, idadi, hali, na wakifika kwenye neno “kipya” huitikia kwa pamoja kana kwamba ni kiitikio. Jana msichana mmoja, aliyekuwa hajui kuunganisha silabi muhula uliopita, aliweka kidole kwenye nambari 14, akaisoma bila kukwama, kisha akageuka akaniuliza, “Mwalimu, ndani yake mna nini?”

Nimemwahidi jibu Jumatatu. Kijana wa boda-boda niliyemtuma na barua hii ameambiwa asubiri nje ya ofisi yenu, na nauli ya kurudi na ufunguo nimekwisha kumlipa.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa darasa la tatu, Lunyo