Ahadi ya Mjomba na Diski Yangu

Mjomba hajanijibu salamu tangu Jumapili. Kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wangu niliunganisha kompyuta na projekta ili wajumbe waione orodha ya michango, na kompyuta ikaganda palepale jina lake lilipofika katikati ya ukuta: ahadi 500,000, ametoa 0. Nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Orodha haikusogea. Diski ikaanza kulia kak, kak, kak, na ukumbini hapakusikika kingine. Mwenyekiti akakohoa. Shangazi akavaa miwani asome vizuri.

"Mwanangu," mjomba akasema hatimaye, "kama ni ujumbe, umefika."

Nilitamani kumweleza, maana kilichokuwa kinatokea mle ndani kinastaajabisha. Sahani ya diski ile huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nanomita chache bila kuigusa. Kipande cha data kisiposomeka, diski haikubali yaishe: inangoja sahani izunguke, inajaribu tena, inasogeza kichwa kidogo, inajaribu tena. Diski za seva, ambazo hufanya kazi kwa kundi, huachia baada ya sekunde chache kwa kuwa wenzao wanaweza kuzijazia data iliyokosekana. Ya nyumbani haina mwenzake, basi huweza kung'ang'ania dakika nzima na zaidi. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, nayo husubiri sekunde 30, ikichoka huanzisha mawasiliano upya na kuuliza swali lilelile. Programu inayongoja jibu huingia katika hali iitwayo D, ambamo hata kill -9, amri ya kuua programu sugu, haifui dafu. Kila mmoja alikuwa akitimiza wajibu wake kwa uaminifu mkubwa, na deni la mjomba likiwaka ukutani.

Usiku nikaendesha smartctl, programu ya kukagua afya ya diski. Juu kabisa likaja jibu: PASSED. Imefaulu! Ukweli uko chini, kwenye jedwali. Safu ya VALUE ni alama ambazo mtengenezaji kajipangia mwenyewe, pamoja na kiwango cha kufeli. Safu ya RAW_VALUE ndiyo hesabu ghafi. Ni daftari la michango lilelile: huku ahadi, huku fedha taslimu. Kwenye Current_Pending_Sector, vipande vilivyokataa kusomeka na sasa vinangoja hukumu, VALUE ilikuwa 100 safi, RAW_VALUE 216. Na hata hesabu ghafi si ya kuilalia usingizi: mwaka 2007 watafiti wa Google, waliofuatilia diski zaidi ya laki moja, waligundua kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote katika vipimo vinne walivyoviona kuwa na uzito.

Jaribio refu la diski likakatizwa na umeme. Binamu akashauri niifomati. Diski ya kuhamishia data kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, ikawa ndogo kuliko inayokufa.

Kisha nikaufikia mstari ambao hadi leo sijaweza kuucheka. Power_On_Hours: 31,212. Diski niliyouziwa mwaka jana kwa bei ya mpya, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, imekwishafanya kazi zaidi ya miaka mitatu na nusu ukiziunganisha saa zake. Shati la mtumba huuzwa kwa jina lake na bei yake, na mnunuzi hulikagua hadi kwapani. Diski inasuguliwa vumbi, inabandikwa lebo, kisha tunaambiwa vifaa vinatufia kwa sababu hatujui kuvitunza. Mtu asiyejua kusoma jedwali lile ataomba radhi kwa kosa la muuzaji.

Nikarudi dukani na picha ya skrini.

"Kaka, si inawaka?"

Nikasema sawa, nipe nyingine, ila niichomeke kwanza kwenye kompyuta yangu nisome saa zake kabla sijalipa. Akairudisha kabatini na kufunga kioo. Hawaruhusu, akasema, wateja wanaweza kuleta virusi.